John Boyle O'Reilly: Mfungwa Aliyewakumbuka Wenzake

Na Katibu wa Kwaya



Kila tarehe 17 Machi tunapoimba misa ya Mtakatifu Patrisi, wazee wetu huwakumbuka mapadre na masista wa Ireland waliofungua misioni, shule na zahanati katika sehemu nyingi za Kenya. Kamati ya jubilei ilipogawa kurasa za kijitabu hiki nilipewa ukurasa wa mtu mashuhuri wa zamani, na kwa heshima ya wazee hao nikaamua kumtafuta katika nchi hiyo hiyo. Niliyempata si padre wala mtakatifu. Alikuwa askari aliyekula kiapo cha siri dhidi ya serikali iliyomlipa mshahara, akahukumiwa kufa, akapelekwa Australia akiwa mfungwa, akatoroka, kisha akaishi miaka ishirini Marekani akihariri gazeti la Kikatoliki. Nitakaa zaidi na hiyo miaka ishirini ya mwisho. Hadithi za wapigania uhuru huwa zinakwisha pale mlango wa jela unapofunguka. Watu hupiga makofi, basi. Lile ambalo mtu hulifanya na uhuru wake baadaye, asubuhi baada ya asubuhi, halisimuliwi sana.

John Boyle O'Reilly alizaliwa tarehe 28 Juni 1844 huko Dowth, karibu na mji wa Drogheda, mashariki mwa Ireland. Baba yake alikuwa mwalimu. Mwaka mmoja baadaye ugonjwa uliingia katika mashamba ya viazi, na njaa iliyofuata iliua watu wapatao milioni moja na kuwasukuma wengine zaidi ya milioni moja ng'ambo. Ireland ilikuwa chini ya utawala wa Uingereza, na Waairishi wengi walioona chakula kikiendelea kusafirishwa nje ya nchi huku watu wakizikwa hawakuisamehe serikali hiyo. Kijana huyu alikua katikati ya kumbukumbu hizo. Akiwa na miaka kama kumi na moja alichukua nafasi ya kaka yake aliyeugua katika gazeti la Drogheda, akajifunza kupanga herufi za kuchapia. Baadaye alifanya kazi hiyo hiyo mjini Preston, Uingereza. Mwaka 1863 alirudi Ireland akajiandikisha katika kikosi cha askari wapanda farasi cha jeshi la Uingereza.

Mwaka 1865 alikula kiapo cha chama cha siri cha kupigania uhuru, Irish Republican Brotherhood, ambacho wafuasi wake waliitwa Wafenian. Aliyemwingiza alikuwa John Devoy, jina ambalo tutalikuta tena mbele. Kazi ya O'Reilly ilikuwa kuwavuta Waairishi wengine waliovaa sare ya Malkia, ili siku ya mapambano wageukie upande wa nchi yao. Wazee wetu wanaokumbuka viapo vya miaka ya 1950 hawahitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo. Februari 1866 alikamatwa. Tarehe 9 Julai mwaka huo, akiwa na miaka 22, mahakama ya kijeshi ilimhukumu kifo, kisha hukumu ikapunguzwa kuwa kifungo cha miaka 20 na kazi ngumu.

Alizungushwa katika jela kadhaa za Uingereza, na Oktoba 1867 akapakiwa katika meli iliyoitwa Hougoumont. Ndani yake mlikuwa na wafungwa 280, na kati yao 62 walikuwa Wafenian. Ilikuwa meli ya mwisho ya wafungwa kupelekwa Australia, na safari ilichukua karibu miezi mitatu. Hapa wanakwaya mtafurahi. Watu hawa, waliokuwa wamefungiwa chini ya sitaha, walikuwa na nyimbo zao za jioni, tena walianzisha gazeti la kuandikwa kwa mkono. Waliliita The Wild Goose, yaani Bata Bukini Mwitu, kwa sababu hivyo ndivyo Waairishi walivyowaita ndugu zao wa zamani waliokwenda kupigana katika majeshi ya nchi za mbali. Mhariri wake alikuwa mfungwa mwenzao John Flood, na O'Reilly alikuwa mmoja wa waandishi. Gazeti lilitoka mara saba, likawa linasomwa kwa sauti ili wote wasikie. Ninyi mnaokumbuka daftari letu la kwanza la nyimbo, lililonakiliwa kwa kalamu usiku kucha, mnaelewa hiyo ni kazi gani.

Walitia nanga Fremantle, pwani ya magharibi ya Australia, tarehe 9 Januari 1868. O'Reilly alipelekwa kusini, karibu na Bunbury, pamoja na kundi la wafungwa waliokata miti na kujenga barabara msituni. Kwa kuwa alijua kuandika, msimamizi alimpa kazi ya kutunza hesabu na kupeleka taarifa, kwa hiyo hali yake ilikuwa afadhali kuliko ya wengine. Lakini miaka 20 ni miaka 20. Alimfungulia moyo padre wa eneo hilo, Padre Patrick McCabe, kwamba alitaka kutoroka. Padre alimsihi asijaribu peke yake, kwani msitu huo ungemmaliza, akaahidi kumtafutia njia. Kisha miezi ikapita kimya. Mwishoni mwa Desemba 1868 kijana huyu alikata tamaa kabisa hata akajaribu kujitoa uhai. Mfungwa mwenzake ndiye aliyemkuta na kumwokoa. Sikutaka kuliruka jambo hili kwa sababu ni kijitabu cha sherehe. Hata katika viti vyetu kanisani kuna waliowahi kufika ukingo ule, na wapo leo wanaimba.

Padre hakuwa amesahau. Jioni ya tarehe 18 Februari 1869 O'Reilly alitoka kambini akaingia msituni akasubiri ishara aliyoambiwa. Ishara yenyewe ilikuwa mluzi wa wimbo wa Siku ya Mtakatifu Patrisi, ambao Mwairishi yeyote angeutambua kwa noti tatu za mwanzo. Aliyepiga mluzi huo alikuwa mlowezi Mwairishi kwa jina Maguire. Walipanda farasi hadi ufuoni, wakashusha mashua, wakapiga makasia hadi bahari kuu, ambako meli ya Marekani ya kuvua nyangumi, Vigilant, ingemchukua. Meli ilionekana, ikapita kwa mbali, ikaenda zake. Akabaki amejificha katika vilima vya mchanga, kiu ikimkausha, akilishwa kwa siri na watu ambao wangefungwa kama wangegunduliwa. Walijaribu tena, wapi! Mwanzoni mwa Machi Padre McCabe alizungumza na nahodha wa meli nyingine, Gazelle, David Gifford, na safari hii mashua ilipotokea majini meli ilisimama.

Huko melini alipata rafiki wa maisha, afisa mmoja kijana aliyeitwa Henry Hathaway. Gazelle ilipofika kisiwa cha Rodrigues, katika Bahari ya Hindi hii hii inayopiga Mombasa, mashariki ya Mauritius, watawala Waingereza walipanda melini wakimtafuta mfungwa aliyetoroka. Kulikuwa na mfungwa mwingine, Bowman, aliyekuwa amelazimisha achukuliwe pia kwa kutishia kutoa siri. Huyo akakabidhiwa, na kila mtu alijua kwamba asubuhi angemtaja O'Reilly. Usiku Hathaway alimficha katika kabati dogo, kisha likasikika jambo zito likianguka majini na watu wakapiga kelele kwamba mtu amezama. Kilichoanguka kilikuwa kinoo cha melini. Kofia ya O'Reilly ilikutwa ikielea. Mabaharia wenyewe, ambao hawakujua lolote, walimlilia mwenzao, na wakubwa waliporudi asubuhi walikuta msiba, wakaondoka. Nahodha Gifford naye aliamini hadi walipofika mbali na kisiwa na marehemu akatokea mbele yake.

Katika Bahari ya Atlantiki alihamishiwa meli nyingine iliyokuwa ikienda Liverpool, akitumia jina la baharia mwingine, na Gifford akamkopesha fedha za njiani. Liverpool ilikuwa mdomoni mwa simba, kwa hiyo alijificha mpaka akapata meli ya kwenda Marekani. Alishuka Philadelphia tarehe 23 Novemba 1869, na siku hiyo hiyo akaenda mahakamani kuanza kuomba uraia. Alikuwa na miaka 25. Hakuikanyaga Ireland tena maishani mwake.

Januari 1870 alifika Boston. Mji huo ulikuwa umejaa Waairishi waliokimbia njaa, watu wa kubeba mizigo, kuchimba mitaro na kufua nguo za wengine, wakidharauliwa kwa sababu ya umaskini wao na kwa sababu ya Ukatoliki wao. Walikuwa na gazeti lao, The Pilot, lililoanza mwaka 1829, na mwenyewe, Patrick Donahoe, alimwajiri mgeni huyu.

Moja ya kazi zake za kwanza ilimtia majaribuni. Mei 1870 Wafenian wa Marekani, wakiongozwa na John O'Neill, walivuka mpaka kutoka Vermont kuivamia Kanada, wakidhani kwamba kuipiga koloni ya Uingereza ni kuipiga Uingereza yenyewe. O'Reilly alikwenda kama mwandishi wa habari. Wengi wa wasomaji wake walitamani kusoma habari za ushindi, na waliopigana walikuwa ndugu zake wa kiapo. Aliandika alichokiona: mipango mibovu, wanaume wenye moyo wakiongozwa vibaya, na jambo zima likisambaratika upesi. Tangu hapo aliamini kwamba uhuru wa Ireland ungefikiwa kwa hoja, umoja na sauti za watu hadharani, akaachana na uvamizi wa namna ile. Julai mwaka huo huo, mjini New York, Wakatoliki wa Ireland walishambulia maandamano ya Waprotestanti wa Ireland na watu wakafa. O'Reilly alizikemea pande zote mbili, na hakuupunguzia upande wake makali. Hebu mfikirie: mgeni wa miezi sita tu, anakula mkate wa wasomaji hao, naye anawaambia wamekosea.

Mwaka 1872 alimwoa Mary Murphy, naye pia alikuwa na kalamu, na Mungu akawajalia mabinti wanne. Mwaka 1873 alitoa kitabu chake cha kwanza cha mashairi, Songs from the Southern Seas, akakitabaruku kwa Nahodha Gifford. Jina lake likaanza kutajwa katika nyumba za wakubwa wa Boston, hata zile ambazo zamani Mwairishi aliingia kwa mlango wa jikoni.

Sasa tufikie jambo lililonifanya nimchague. Wafenian kadhaa waliokuwa askari kama yeye walikuwa bado wanatumikia kifungo huko Fremantle. Serikali ya Uingereza ilikuwa imewasamehe wengi wa wafungwa raia, lakini wale waliovaa sare haikutaka hata kusikia habari zao. Mwaka 1874 barua ya mmoja wao, James Wilson, ilimfikia John Devoy mjini New York. Ilikuwa barua ya mtu anayeita kutoka kaburini. Devoy akawasomea wenzake katika chama cha Clan na Gael, michango ikaanza kukusanywa kwa Waairishi wa kawaida kote Marekani, harambee ya dola moja moja, na Devoy akaenda Boston kumwona mtu pekee aliyejua njia ya kutoka kule.

O'Reilly angeweza kusema pole. Alikuwa na mke, watoto, kazi na jina. Badala yake alitoa ushauri ulioamua mambo: wasipeleke watu wa bunduki, wapeleke meli ya kuvua nyangumi, kwa kuwa hakuna anayeishangaa katika bahari ile, na wamtafute Hathaway. Rafiki huyo wa Gazelle sasa alikuwa mkuu wa polisi wa zamu ya usiku mjini New Bedford, bandari ya wavuvi wa nyangumi. Kupitia kwake walimpata nahodha, George Anthony, Mmarekani ambaye hakuwa na damu ya Ireland hata tone. Meli iliyoitwa Catalpa ilinunuliwa, na Aprili 1875 ikatoka New Bedford. Mabaharia walijua wanakwenda kuvua nyangumi, na kweli njiani waliwavua, maana mafuta ya nyangumi yalisaidia kulipia safari.

Wakati huo mtu aliyeitwa John Breslin alitangulia Fremantle akajifanya tajiri anayetafuta mahali pa kuweka mali yake. Wakubwa walimkaribisha hata wakamtembeza ndani ya jela. Jumatatu ya Pasaka, tarehe 17 Aprili 1876, wafungwa sita waliokuwa wametoka kwa kazi za nje walipanda magari ya farasi yaliyokuwa yakiwasubiri, wakakimbia hadi ufuoni ambako Nahodha Anthony alikuwa na mashua. Walipiga makasia usiku kucha katika dhoruba iliyokaribia kuwazamisha. Siku iliyofuata waliifikia Catalpa, huku mashua ya polisi ikiwafuata. Kisha meli ya mvuke Georgette, imebeba askari na mzinga, ikawafikia na kufyatua risasi ya onyo mbele yao. Anthony alionyesha bendera ya Marekani iliyokuwa mlingotini na kuwakumbusha kwamba wako katika bahari kuu. Yule wa Georgette alipima mambo, akageuza meli. Tarehe 19 Agosti 1876 wale sita walishuka New York.

O'Reilly hakuwamo katika meli hiyo. Angekamatwa, angerudishwa palepale alipotoka. Mchango wake ulikuwa maarifa ya njia na jina la rafiki mmoja, na bila hayo mawili sidhani kama fedha zote zile zingefika mbali.

Mwaka huo huo wa 1876 kulikuwa na jambo lingine ambalo halina mashua wala mzinga, nami naliona kubwa vilevile. Patrick Donahoe, mwenye The Pilot, alikuwa pia na benki ambamo Waairishi maskini wa Boston waliweka akiba zao. Moto mkubwa wa Novemba 1872 ulioteketeza katikati ya mji ulimharibia vibaya, hasara nyingine zikafuata, na hatimaye akafilisika. Vijakazi, wapagazi, wajane, wote waliamka wakakuta akiba ya miaka haipo. Katika nchi yetu tumeona vyama vya akiba vikianguka na wazee wakizunguka ofisi hadi ofisi na vitabu vyao mkononi, kwa hiyo sina haja ya kuchora picha.

Gazeti lilinunuliwa na Askofu Mkuu wa Boston, John Williams, aliyechukua robo tatu, na O'Reilly aliyechukua robo. Kisheria hawakuwa na deni lolote kwa watu wale. Deni lilikuwa la Donahoe. Lakini walikubaliana kwamba faida ya gazeti itatumika kuwalipa walioweka akiba, kwa mafungu, mwaka hadi mwaka. Jumla yake ilipita dola 70,000, mali nyingi sana kwa siku zile, na ilichukua karibu miaka kumi. Dawa ya deni kulipa, tunasema, lakini wangapi hulipa deni la mwingine? O'Reilly angeweza kutajirika katika miaka hiyo. Mtunza hazina wetu aliposoma rasimu ya ukurasa huu alitikisa kichwa tu, hakusema neno.

Kama mhariri alilifanya The Pilot lisomwe mbali na Boston. Alichapisha mashairi na habari za Ireland, akawapa nafasi waandishi vijana, na mwaka 1879 alitoa riwaya, Moondyne, iliyojengwa juu ya maisha ya wafungwa wa Australia Magharibi. Alipenda ndondi na kupiga makasia katika mitumbwi myepesi, hata akaandika kitabu kizima juu ya michezo hiyo mwaka 1888. Mtu wa mashairi na ngumi! Ninawajua wawili watatu katika sauti ya nne wangeelewana naye.

Lakini kuna sauti nyingine aliyoitoa ambayo sisi wasomaji Waafrika tunapaswa kuisikia. Waairishi wa Marekani na watu weusi wa nchi hiyo walikuwa wamegombana kwa muda mrefu, wote wakiwa chini, wakinyang'anyana kazi zile zile za jasho. Julai 1863, katika machafuko ya New York dhidi ya kuandikishwa jeshini, makundi ambayo wengi wao walikuwa Waairishi yaliwaua watu weusi na kuchoma nyumba ya mayatima wao. Hilo ni doa ambalo halifutiki. Utumwa ulikwisha mwaka 1865, lakini kufika miaka ya 1880 watu weusi wa kusini walikuwa wakinyimwa kura, wakitengwa na kuuawa na magenge, na viongozi wengi wa kaskazini walikuwa wamechoka kulizungumzia.

O'Reilly hakuchoka. Wiki hadi wiki katika gazeti lililosomwa na Waairishi wale wale, aliandika kwamba mtu mweusi ana haki sawa na mwingine yeyote, na kwamba Mwairishi aliyeonja dharau ya mtawala hana udhuru akimdharau mwenzake. Desemba 1885 alisimama mbele ya mkutano wa watu weusi katika ukumbi wa Faneuil Hall, mjini Boston, akasema hayo mbele yao waziwazi. Mwaka 1888 mji ulipozindua mnara wa kumbukumbu ya Crispus Attucks na wenzake, ni shairi la O'Reilly lililosomwa siku hiyo. Attucks alikuwa mtu mwenye asili ya Afrika, mmoja wa watu watano waliokufa kwa risasi za askari wa Uingereza mjini Boston mwezi Machi 1770, kabla ya vita vya uhuru wa Marekani. Wakubwa kadhaa wa mji walikuwa wameupinga mnara huo, wakisema wale waliokufa walikuwa wahuni wa mtaani tu. Kati ya hao watano alikuwamo pia Mwairishi, Patrick Carr.

Nisimpambe kupita kiasi. Mtu huyu huyu alipinga wanawake kupewa haki ya kupiga kura, na alilisema hilo bila kuona haya. Akina mama wa sauti ya kwanza wanaweza kuufunga ukurasa hapa wakitaka, nami nitawaelewa. Mtu anaweza kuona mbali upande mmoja na upande wa pili asione hata puani pake.

Uhamisho wake haukwisha kamwe. Katikati ya miaka ya 1880, alipoalikwa kuhutubia Waairishi wa Kanada siku ya Mtakatifu Patrisi, Serikali ya Uingereza ilikataa kumhakikishia usalama, ingawa alikuwa raia wa Marekani na zaidi ya miaka kumi na tano ilikuwa imepita. Kwao alikuwa bado askari mtoro. Kwa upande mwingine, Marekani ilimkumbatia. Tarehe 1 Agosti 1889, huko Plymouth, ulipozinduliwa mnara wa wahamiaji Waingereza wa kwanza wa sehemu ile, Waprotestanti wenye msimamo mkali ambao wasingemruhusu Mkatoliki kupumua kati yao, aliyeombwa kutunga shairi la siku hiyo alikuwa O'Reilly. Kuna waliolalamika kwamba amechaguliwa mgeni. Alikwenda, akalisoma.

Alijituma kuliko mwili ulivyoweza. Gazeti, mihadhara, mashairi ya kila sherehe, wageni wenye shida mlangoni, na usingizi ukamtoroka. Mke wake naye alikuwa mgonjwa. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Agosti 1890, katika nyumba yao ya mapumziko huko Hull, kando ya bahari, alikosa usingizi akachukua dawa ya usingizi ya mkewe. Alizidisha kipimo, na kabla ya mapambazuko alikuwa amefariki. Ilihesabiwa kuwa ajali. Alikuwa na miaka 46.

Boston ilimlilia kama mtoto wake wa kuzaliwa, wenye majumba na wapagazi, Wakatoliki na wasio Wakatoliki, weupe na weusi. Mwaka 1896 mji ulimjengea kumbukumbu iliyochongwa na Daniel Chester French, ambaye baadaye alichonga sanamu kubwa ya Abraham Lincoln iliyoko Washington. Kwao Dowth pana mnara wa jina lake katika uwanja wa kanisa. Na huko Australia, katika rasi ya Leschenault karibu na Bunbury, pale kwenye vilima vya mchanga alipojificha akisubiri meli, watu wa sehemu hiyo wameweka jiwe la kumkumbuka mfungwa aliyewatoroka.

Kaburi lake liko Holyhood, Brookline, nje kidogo ya Boston. Juu yake pana jabali kubwa ambalo halikuchongwa, na ubao wa jina.